Aliyetoka Machoni Hajatoka Hesabuni

Miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika vyuo vikuu vyetu liko moja ambalo walimu wa lugha hawalijui hata kwa jina, na walimu wa hesabu hawalijui ila kwa jina la kigeni. Ni somo la takwimu za uhai. Kazi yake ni kupima muda unaopita kabla tukio fulani halijatukia: muda wa mgonjwa kabla ya kufa, muda wa mchimbaji kabla ya kushikwa na ugonjwa wa mapafu, muda wa mashine kabla ya kuharibika. Nimethubutu kuandika juu yake, mimi niliye mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu nimeona jambo ambalo sikuweza kulinyamazia. Nasema tangu mwanzo, ili msomaji asipate taabu ya kutafuta nia yangu: somo hili hufasiriwa vibaya na hufundishwa vibaya, na ubaya huo hauishii darasani. Unafika katika maduara ya dhahabu ya Geita na katika nyumba za Shinyanga, na huko unawaondoa watu walio hai katika hesabu ya walio hai.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa takwimu, aliniletea siku moja tafsiri ya mihadhara ya utangulizi wa somo hilo. Aliniomba nisahihishe sarufi. Sarufi haikuwa na makosa makubwa. Walakini nilipofika sura ya pili nilikuta watu wamegawanywa mafungu mawili: waliopatwa na tukio, na waliofutwa. Nikamwuliza, "Hawa waliofutwa ni akina nani, ndugu yangu?" Akanijibu kwamba ni wale waliofuatwa na watafiti kwa muda, kisha habari zao zikakatika. Baadhi yao walihama. Wengine utafiti ulikwisha nao wangali wazima. Nikamwuliza tena, "Je, mnawafuta kweli?" Akasema, "La, hasha! Tukiwafuta hesabu yote inaharibika." Nikamwambia, "Kama hamwafuti, mbona mnaandika kuwa mmewafuta?" Hakuwa na jibu, wala sikutaka kumwaibisha, kwa kuwa kosa lile halikuwa lake peke yake.

Neno la Kiingereza alilokuwa akilifasiri lina ukoo wa ajabu. Katika Roma ya kale, censor alikuwa mkuu aliyewaandika raia na mali zao, na aliyeangalia pia mwenendo wao. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Kwa ajili ya kazi yake ya pili, jina lake likaja kutumiwa kwa mtu akaguaye barua na magazeti na kufuta asiyoyapenda. Wanatakwimu walipolichukua neno hilo walikusudia habari ambayo sehemu yake imezuiwa isionekane. Mfasiri wetu alishika kalamu nyekundu akaliacha daftari. Kumbe Kiswahili kilikuwa na usemi tayari, nao hausemwi na wasomi tu. Husemwa na kila mama mwenye mtoto aliye mbali: habari zake zimekatika. Msemo huo haudai kuwa mtu amekufa, wala haudai kuwa yu mzima. Wasema kwamba mpaka siku fulani alijulikana, na baada ya siku hiyo hajulikani. Hiyo ndiyo maana kamili ya elimu yenyewe, bila kupungua wala kuzidi.

Yafaa nitoe mfano ambao nchi nzima iliushuhudia. Tarehe 5 Oktoba, 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga. Watu walifukiwa chini. Siku zikapita, wiki zikapita, na waliokuwa juu wakakata tamaa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Sasa na tujiulize: mwandishi wa daftari la uhai angeandika nini tarehe 20 Oktoba? Kama angeandika kuwa wamekufa, angesema uongo. Kama angefuta majina yao, angesema uongo mwingine, yaani kwamba hawakupata kuwako. Na kama angeandika kuwa ni wazima, angesema jambo asilolijua. Neno la kweli lilikuwa moja tu: walikuwa hai walipoonekana mara ya mwisho, tarehe 5 Oktoba, uhai wao ni siku hizo au zaidi. Maneno hayo mawili, "au zaidi", ndiyo msingi wa somo zima. Mwanachuo asiyeyaelewa anaweza kufaulu mtihani, lakini hajaingia mlango wa elimu hii.

Watakuwako watakaosema kuwa haya ni mabishano ya walimu wa lugha, na kwamba nambari hazina haja na maneno yetu. Basi na tuingie katika nambari. Tuseme watu kumi wameanza kazi katika duara moja siku moja. Mwaka wa pili mmoja anashikwa na ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe. Mwaka wa tatu wanne wanasikia habari za dhahabu mpya mahali pengine, wanaondoka wakiwa wazima. Mwaka wa tano mmoja katika waliosalia anaugua. Mwaka wa sita tunafunga daftari. Wanne wangali kazini na wazima. Tunaulizwa: katika kila watu mia wa kazi hii, ni wangapi watakaofika mwaka wa sita bila ugonjwa?

Mwenye kufuta atawafuta wanne walioondoka, atabaki na sita, atasema ni 67. Mwenye kujifurahisha atawahesabu wanne hao kuwa wazima mpaka mwisho, atasema ni 80. Mwenye hofu atawahesabu kuwa wagonjwa, atasema ni 40. Mwenye elimu atafanya hivi: ugonjwa wa kwanza ulipotokea walikuwako kumi, wakabaki tisa, yaani sehemu tisa katika kumi, ugonjwa wa pili ulipotokea walikuwako watano tu, wakabaki wanne, yaani sehemu nne katika tano. Azidishe hiyo kwa hii, apate 72 katika mia. Wale wanne walioondoka hakuwafuta wala hakuwabunia mwisho. Alipokea miaka mitatu waliyoitoa, akawaaga pale walipoagana naye. Msomaji ameona kuwa watu ni wale wale na majira ni yale yale, lakini majibu ni manne. Na tofauti yote imetoka katika namna tulivyomtaja mtu aliyeondoka. Je, ni nani sasa atakayesema kuwa maneno hayana kazi katika hesabu?

Njia hiyo ya mwenye elimu ilitangazwa mwaka 1958 na Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier. Kila mmoja aliifikia peke yake. Kaplan alishughulika na uhai wa vyombo vya umeme vilivyotiwa katika nyaya za simu chini ya bahari. Meier alishughulika na wagonjwa. Waliambiwa waunganishe makala zao, ikawachukua miaka minne kupatana. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox akaonyesha jinsi ya kulinganisha hatari ya mtu na mtu kwa kuzitazama sifa zao kwa pamoja, kama umri wao na kazi yao. Nawaheshimu mabwana hao. Wala siwalaumu kwa kuwa mifano yao ni ya kwao. Mtu huchota maji katika kisima kilicho karibu. Lawama yangu naielekeza kwetu. Mwaka 1963 waganga wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 42 wa saratani ya damu, na mpaka leo wagonjwa hao 42 wangali wakizungushwa katika madarasa ya dunia. Mwanachuo aliyezaliwa Bukombe au Kahama huwajua kwa majuma yao, na duara lililo nyuma ya nyumba ya baba yake hajaambiwa kuwa ni darasa.

Nalitaja duara kwa sababu hapana mahali panapoijaribu elimu hii kama ukanda wa dhahabu. Mgodi wa kale wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hata 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo wako maelfu ya wachimbaji wadogo, na mchimbaji mdogo hakai. Dhahabu ikisikika Nyarugusu yuko Nyarugusu. Ikisikika Mbogwe, amekwisha kufunga mzigo. Watu huita mbio hizo rashi, na rashi haiagi. Hata asiyetoka nyumbani kwake aliweza kupotea katika vitabu: mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoundwa, mtu wa Bukombe aliyelala ndani ya Mkoa wa Shinyanga aliamka ndani ya mkoa mwingine bila ya kuvuka hata kizingiti. Hapa habari kukatika ni jambo la kila siku. Mwalimu anayeifundisha Shinyanga kwa mifano ya wagonjwa waliolala katika vitanda vya hospitali, wakihesabiwa asubuhi na jioni, amewafundisha watu kuogelea juu ya mkeka.

Na hapa nafika penye jambo zito kuliko yote. Hesabu ile ya 72 katika mia ina sharti moja: walioondoka wawe sawa na waliobaki katika hatari waliyo nayo. Kama waliondoka kwa kufuata dhahabu tu, sharti limetimia. Lakini kama waliondoka kwa sababu kifua kilianza kuwabana, na pumzi haikuwatosha tena kupanda kutoka chini, sharti limevunjika, na hesabu iliyofanywa kwa ustadi wote ni hesabu ya uongo. Ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe huchukua miaka, aghalabu hujitokeza baada ya mtu kuacha kazi, na humfungulia mlango kifua kikuu. Mtafiti anayesimama mlangoni pa mgodi na kuwapima wanaoingia asubuhi anawapima wenye nguvu za kuingia. Walioshindwa wako kwao, wamekaa chini ya mti, wanakohoa.

Hayo si mawazo yangu tu. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwafuata wachimbaji wa zamani wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini mpaka vijijini kwao, Thamaga katika Botswana na Libode katika Afrika Kusini yenyewe. Wakakuta zaidi ya mtu mmoja katika kila watano ana ugonjwa wa vumbi mapafuni. Watu hao walikuwa wamekwisha kutoka katika daftari za migodi. Ilipofika mwaka 2018, makampuni ya migodi yalikubali mapatano ya kuwalipa wachimbaji na warithi wao, na mwaka uliofuata mahakama ikayapitisha mapatano hayo. Wapo waliokwisha kufa wakingoja. Na tusisahau kwamba kabla ya uhuru wa mwaka 1961 vijana wa Tanganyika nao waliandikishwa kwenda katika migodi hiyo ya kusini.

Uganda nayo ina mafunzo mawili, moja chungu na moja tamu. Mbarara watafiti waliwatafuta baadhi ya wagonjwa wa UKIMWI walioacha kufika kliniki. Kabla ya kuwatafuta, daftari lilisema kwamba vifo vya mwaka wa kwanza havifiki viwili katika mia. Baada ya kuwatafuta na kuwatia katika hesabu, vilizidi saba. Walioitwa waliopotea hawakupotea, baadhi yao walikuwa wamekufa. Upande wa pili, katika Kyamulibwa, watu wamefuatwa nyumba kwa nyumba tangu mwaka 1989. Kulikuwa na imani iliyoenea kwamba Mwafrika akiambukizwa virusi hufa upesi kuliko mtu wa nchi tajiri. Mwaka 2002 Kyamulibwa ilijibu: hata kabla ya dawa kufika, nusu ya walioambukizwa waliishi zaidi ya miaka 9.8, karibu sawa na wenzao wa ng'ambo wa kabla ya dawa. Imani ile ilivunjwa na daftari lililotunzwa kwa uaminifu. Sisi wenyewe tunalo daftari kama hilo jirani, Kisesa, wilayani Magu, lililofunguliwa mwaka 1994. Basi hatuwezi kusema kuwa kazi hii haiwezekani kwetu.

Sasa narudi kwenye lugha, ambako nina haki zaidi ya kusema. Katika kliniki zetu mgonjwa asiyerudi huitwa mtoro. Msomaji anajua asili ya neno hilo. Katika pwani ya karne ya kumi na tisa mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Leo ni mtoto akimbiaye shule, na mgonjwa aliyekosa nauli ya kutoka duarani mpaka hospitali. Neno hilo limekwisha kumhukumu kabla halijamwuliza. Ukisema "habari zake zimekatika", wajibu wa kuziunga ni wako wewe mwenye daftari. Ukisema "ametoroka", lawama ni yake na kazi yako imekwisha. Mwanachuo aliyezoea "waliofutwa" darasani na "watoro" kliniki atawezaje kujifunza kwamba hao ndio watu anaopaswa kuwatafuta kwanza?

Niliyaona haya kwa macho yangu katika kijiji kimoja cha Shinyanga, nilipofuatana na kijana mmoja mwenye karatasi za maswali. Tulifika kwa mama mmoja mtu mzima. Tukamwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akatuitikia na kutupa viti. Kijana akamwuliza juu ya mwanawe wa pili, kama yu hai au amefariki. Mama akasema, "Baba, mwanangu alikwenda machimboni. Aliniletea salamu mara ya mwisho tulipokuwa tukivuna pamba. Mpaka siku hiyo alikuwa mzima. Baada ya hapo siwezi kukuambia, nisije nikasema uongo." Kijana aliitazama karatasi yake. Palikuwa na visanduku viwili tu, cha aliye hai na cha aliyefariki. Akasita, kisha akapiga mstari katika jina zima, akaendelea na mtoto wa tatu.

Mama yule hakupata kuingia chuo, naye alilitoa jibu ambalo Kaplan na Meier wangalilipokea kwa mikono miwili: tarehe ya mwisho ya kuonekana, hali ya siku hiyo, na ukomo wa ujuzi wake. Kijana alikuwa na shahada, na alitupa jibu hilo. Simlaumu sana. Alifundishwa kwa Kiingereza, akapewa maswali yaliyofasiriwa na mtu aliyekuwa na haraka, akatumwa kuuliza kwa Kiswahili watu ambao wengine huwaza kwa Kisukuma. Katika safari hiyo ndefu ya maana, "au zaidi" ilidondoka njiani, na mwana wa mama yule akadondoka nayo.

Nakabiliana sasa na hoja za wapinzani wangu. Hoja ya kwanza husema kuwa Kiswahili hakina istilahi za elimu hii. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Wala kemia si nyepesi kuliko takwimu. Na somo hili laomba maneno machache kuliko yale. Uhai tunao. Hatari tunayo, na mchimbaji aijua kuliko profesa. Kukatika tunako. Mchoro wa Kaplan na Meier, unaoshuka kwa vidato kila tukio linapotukia, mchimbaji akiuona atauita ngazi bila ya kufundishwa, maana kila siku ashuka kwa ngazi. Kilichokosekana ni mwalimu wa Kiswahili aliye tayari kukaa na mwalimu wa takwimu wiki chache. Hapa najitia na mimi katika lawama. Tumeandika juu ya ngeli na vina hata tumechosha wino, na mlango wa pili katika chuo kile kile hatukuubisha hodi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami sitaidharau. Husema kwamba vitabu na majarida ya elimu hii yako kwa Kiingereza, na mwanachuo akinyimwa Kiingereza atafungiwa dunia. Ni kweli. Sijasema anyimwe. Nasema ufahamu wa kwanza upandwe katika lugha atakayoulizia maswali, kisha Kiingereza kije juu yake kama paa juu ya kuta. Sasa tunajenga paa kwanza, tunashangaa kwamba linaangukia vichwa vya watu.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani, lakini naisikia: kwamba aliyeondoka ni ghali kumtafuta, na kwamba ripoti yataka kwisha. Kwa wenye hoja hiyo sina lugha laini. Ripoti iliyokwisha kwa kuwaacha wagonjwa nje haijakwisha, imekatishwa. Na mwenye kuisoma akaamua kuwa vumbi si hatari, kisha asiagize maji ya kunyunyizia mawe wala asifuate waliorudi makwao, amepotoshwa na mtu aliyelipwa kumwongoza.

Naomba mambo matatu, wala si makubwa. Neno "waliofutwa" na ndugu zake wote liondolewe katika mihadhara, na mahali pake tuseme watu ambao habari zao zimekatika. Kila kozi ya utangulizi katika vyuo vyetu iwe na mfano mmoja kamili wa ukanda wa dhahabu, na mtihani wake uruhusiwe kujibiwa kwa Kiswahili. Na kila mwanachuo, kabla hajapewa alama za mwisho, apewe jina moja la mtu ambaye habari zake zimekatika, kwa ridhaa ya jamaa zake, aende akaulize mpaka apate jibu au afike mahali ambapo kwa haki hawezi kuendelea. Hapo aandike tarehe, aandike hali, na aandike "au zaidi". Nami niko tayari kufuatana na wa kwanza wao. Tutaanza kwa mama yule, kwa kuwa jina la mwanawe bado liko chini ya mstari, na lasomeka.